Kodi ya Kichwa na Umri wa Mzee Kimotho

Nimewaona mkifanya kazi. Mjukuu wangu alinipeleka ofisini kwenu pale Ruiru, ghorofa ya tatu, mkanipa kiti chenye magurudumu, na kabla sijakizoea mlikuwa mmeshamaliza kodi za watu wawili. Hamkuwauliza kitu ila namba. Mmoja wenu hata hakumtazama mteja usoni. Nikasimama. Mjukuu wangu akasema, "Guka, si ukae tu, tunaenda sasa hivi," lakini mimi kazi ya kodi niliifanya miaka yote nikiwa wima, na sikuona sababu ya kuanza kukaa uzeeni.

Mliniomba niwaandikie kazi hii ilikuwaje zamani. Naandika nikiwa nimesimama kwenye kaunta ya jikoni kwa mwanangu, huku Membley, mahali ambapo enzi zetu palikuwa na kahawa tu. Miguu ikiuma natembea hadi getini. Askari ananiuliza, "Mzee, umesahau kitu?" Namwambia ndiyo, kisha narudi. Kwa hiyo habari hii ikirukaruka, mjue mwandishi alikuwa ameenda getini.

Miaka ya hamsini nilikuwa karani wa Bwana Maganbhai, mhasibu aliyekuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa mjini Thika. Yeye alitayarisha kodi ya mapato ya wenye maduka, wenye vinu vya mahindi, na Masingasinga wenye karakana za magari. Alifanya hesabu akiwa amekunja miguu juu ya godoro jembamba, viatu amevipanga mlangoni, daftari liko juu ya meza fupi mbele ya magoti. Mimi nilizunguka. Nilikuwa na penseli sikioni na karatasi mkononi, naenda dirishani, narudi, naenda tena. Alikuwa akininyooshea kidole. "Wewe hapana kaa? Hesabu nakimbia?" Nilimwambia hesabu haikimbii, lakini damu yangu inakimbia. Aliacha kunibishia, akanitafutia kazi ya kutembea.

Ndivyo nilivyopewa Ruiru. Siku nyingine nilipanda garimoshi, siku nyingine baiskeli, kukusanya karatasi za wateja. Huko nako nikawa na kibaraza changu, kando ya kinu cha posho, ambapo Waafrika wenzangu walinijia kwa shida za kodi ya kichwa. Hiyo ilikuwa kodi ya kila mwanaume mzima, awe na kitu asiwe na kitu. Hakukuwa na hesabu ya kupiga. Kazi ilikuwa kutetea. Mtu ametozwa mara mbili. Risiti imeliwa na mchwa. Mtu amekufa na bado anatafutwa alipe. Nilimwandikia marehemu mmoja wa Gatundu maombi mengi kuliko niliyowahi kumwandikia mtu aliye hai.

Nitawaambia jambo la bucha. Mwenye bucha mmoja pale Ruiru alikuwa akiweka risiti zake kwenye mfuko wa aproni, pamoja na kisu na vipande vya mafuta. Siku ya kwanza nilizichukua nikazitia kwenye mkoba, nikaondoka kwa heshima zangu zote, na mbwa wote wa mtaa wakanisindikiza hadi stesheni. Mtu wa garimoshi alinitazama, akawatazama, akaniambia nipande behewa la mizigo. Tangu hapo nilijifunza kuanika karatasi za bucha juani juu ya bati la kinu kabla ya kuzisafirisha, na kuzigeuza kila baada ya muda zisijikunje. Maganbhai, ambaye hakula nyama tangu azaliwe, alizishika kwa ncha za vidole mwaka baada ya mwaka na hakukosea hata senti.

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba kazi hii ni ya kuuliza. Ukimuuliza mtu faida, atakutajia hasara. Ukimuuliza hasara, atalia. Basi ulizia mlango mwingine. Fundi cherehani mmoja alishikilia kwamba mwaka mzima hakupata kazi, watu wanavaa matambara. Nikamsifia uzi wake. Nikamuuliza ananunua wapi, rangi gani inaisha upesi. Akasahau alikuwa masikini, akanieleza jinsi uzi mweupe unavyoisha kwa sababu ya sare za shule, hata akalalamika kwamba mwenye duka hampunguzii bei na yeye ni mnunuzi mkubwa. Niliandika nikitembea. Alipogundua alicheka, akasema, "Wewe karani, wewe ni mwizi wa maneno." Alilipa kodi yake ya haki, na mwaka uliofuata akaja mwenyewe bila kuitwa.

Na jambo la Diwali lazima mlijue, kwa sababu nyinyi mnadhani mwaka ni mwaka. Wenye maduka wengi wa Kihindu walifunga vitabu siku ya Diwali. Kitabu kipya chenye jalada jekundu kilifunguliwa kwa maombi na vitamu, na mwaka wa duka ukaanza. Afisa wa kodi wa wakati ule alitaka mwaka wa Januari hadi Desemba, na hakutaka kusikia habari nyingine. Kwa hiyo kila msimu tulikaa, yaani yeye alikaa, tukaukata mwaka wa duka mahali pake na kuushona kwenye mwaka wa Serikali. Nilimuuliza siku moja, kwa ukali kidogo maana ilikuwa kazi ya kuchosha, ni mwaka upi ulio wa kweli. Akasema, "Yote ya kweli. Wewe tafuta tu hii moja nakutana na ile ingine wapi." Nilidhani anajitoa kwenye swali. Kumbe alikuwa amenipa kazi yote kwa maneno machache, na mimi nimetoka nayo nje nikiwaza chai.

Nimerudi kutoka getini. Askari leo hakuniuliza kitu, alinifungulia tu. Sasa nifike kwa Mzee Kimotho, kwa sababu ndiye aliyenikosesha utulivu na bado ananikosesha.

Ilikuwa siku za Hali ya Hatari. Watu wa mashambani walikuwa wamehamishwa, wakajengewa vijiji vilivyozungushiwa handaki, na lango lilifunguliwa na kufungwa na askari. Huwezi kutoka upendavyo, huwezi kusafiri bila kitabu cha pasi, na kitabu hicho hakigongwi muhuri usipokuwa na risiti ya kodi ya mwaka. Asiye na risiti alipelekwa kambini kuvunja mawe hadi kodi yake iishe. Mimi nilipita kwa barua ya Maganbhai, na hata hivyo kwenye kila kizuizi niliitoa kabla sijaulizwa.

Kimotho alikuja kwenye kibaraza changu siku ya Jumamosi, kinu kinanguruma. Mwanaume mrefu, koti la zamani la Mzungu, nyuma yake mkewe ameshika ncha ya fimbo yake. Mama huyo alikuwa kipofu. Mumewe alimkalisha juu ya gunia, akahakikisha amekaa vizuri, ndipo akanijia.

"Wewe ndiye karani wa kodi?"

"Ndimi, baba."

"Nataka kuandikiwa uzee."

Wazee walisamehewa kodi, hilo lilikuwa sheria. Nikamuuliza kama nilivyomuuliza kila mtu, "Rika gani?"

Nyinyi mna vyeti vya kuzaliwa. Baba zetu walikuwa na rika. Vijana waliotahiriwa msimu mmoja walipewa jina moja kutokana na jambo la mwaka ule, njaa, au nzige, au homa, na jina hilo walilibeba hadi kaburini. Ofisi ya D.O., yule afisa wa Kizungu wa Serikali, ilikuwa na orodha: rika fulani, mwaka fulani. Kwa kuwa mvulana alitahiriwa akianza kuota ndevu, ukijua rika unajua umri. Orodha hiyo niliijua kwa kichwa. Mtu akitaja rika, mimi nimeshamaliza kutoa na kujumlisha kabla hajafunga mdomo, na nilikuwa najivuna kwa hilo.

"Rika la Ndege," akasema. Hao ni waliotahiriwa mwaka ambao eropleni ya kwanza ilipita juu ya mashamba yetu.

"Baba, kwa orodha wewe bado kijana," nikamwambia. "Watakucheka."

Hakucheka yeye. Alinionyesha mikono. Alikuwa mpogoaji wa kahawa katika shamba moja la Mzungu, kazi ya mkasi kutwa nzima, na sasa vidole vilikuwa vimevimba kwenye viungo na havifungi. Shamba lilikuwa limemwachisha. Daktari wa zahanati aliandika kwamba anatembea vizuri. Mwaka uliotangulia majirani walichanga kodi yake, lakini kodi hurudi kila mwaka na majirani wenyewe walikuwa wanachangiwa. Alikuwa ameshaambiwa: asipopata cheti cha msamaha kwenye kikao kijacho cha D.O., anakwenda kambini.

"Mimi mawe nitavunja," akasema. "Shida ni huyu. Lango la mtoni linafunguliwa muda mfupi tu, mchana. Mimi ndiye namshika mkono hadi majini, mimi nabeba. Wanjiku wetu ameolewa mbali, hawezi kupewa ruhusa ya kuja. Nikienda, huyu Nyina wa Wanjiku atakunywa nini?"

Nilizunguka kibaraza. Mkewe aligeuza uso kufuata hatua zangu. Akasema, "Karani, umepoteza kitu?" Nikasema hapana, nafikiri. "Basi unafikiri kwa miguu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayependa utani.

Nilimwita mzee upande wa pili, karibu na mashine, kunakonguruma zaidi. Joto la kinu lilimfanya avue koti. Begani, chini ya shati lililopasuka, nikaona ngozi nene iliyokufa, ngumu kama kisigino. Mpogoaji habebi kitu begani. Nikaulizia mlango mwingine.

"Baba, hiyo ni ya magunia ya kahawa?"

"Ni ya masanduku."

"Masanduku gani?"

"Ya vita. Ile ya Wajerumani. Tulichukuliwa kubeba."

Penseli yangu ilisimama. Vita hivyo vilikwisha miaka mingi kabla ya eropleni. "Ulibeba ukiwa mtoto?"

"Mtoto anaweza kubeba sanduku la risasi? Nilikuwa mwanaume."

Hapo alijua amesema nini, nami nilijua. Kama alikuwa mwanaume mzima wakati wa vita, na alitahiriwa miaka mingi baadaye, basi alibeba mizigo ya vita akiwa bado kihii. Hilo ni neno letu la mvulana asiyetahiriwa, na kwa mtu mzima hakuna tusi linalochoma kama hilo.

Alinieleza kwa sauti ya chini huku akitazama mkewe kule kwenye gunia. Baba yake alikufa wakiwa kwenye shamba la Mzungu mbali, hakukuwa na mtu wa kumsimamia kwenye tohara. Akachukuliwa vitani kabla hajapata wa kumsimamia. Aliporudi alizunguka mashamba ya watu miaka mingi, mpaka akapata mzee mmoja aliyekubali kuwa baba yake kwa siku hiyo moja. Akaenda mtoni, kwenye tohara, pamoja na watoto. "Wengine walinifika hapa," akasema, akagusa kifua. Akaoa baada ya hapo.

"Na yeye anajua?"

"Aliolewa na mtu wa Rika la Ndege."

"Baba, nikiandika hili, umesamehewa. Wewe ni mzee kwa sheria yoyote. Wewe ni mzee hata na nusu."

"Ukiandika," akasema, "nitakwenda kambini kwa miguu yangu mwenyewe, bila askari."

Nilikasirika. Nasema wazi, nilimkasirikia hadi nikatamani kumtikisa. Nilikuwa kijana, na kwangu aibu ilikuwa kitu cha dakika chache. Hapa kuna mtu anayeweza kukaa nyumbani na mkewe kwa neno moja, na neno hilo analikalia. Lakini karatasi ya mteja ni ya mteja, vijana. Huandiki asichokuruhusu hata kama ni kweli, hata kama ni kwa faida yake. Nikaandika habari ya vidole na ya macho ya mkewe, na umri nikauacha kama orodha ilivyosema.

Nilirudi Thika nikamsimulia Maganbhai bila kutaja jina. Alisikiliza amekunja miguu, kalamu hewani. Akauliza, "Nani ingine najua?"

"Rika lake wanajua. Walikuwa pamoja naye mtoni."

"Basi uliza rika."

"Siwezi. Mimi ni mdogo kwao. Mambo ya tohara ya wakubwa hayaulizwi na mtu wa rika la chini."

Alitikisa kichwa. "Diwali rahisi kuliko nyinyi," akasema, akarudi kwenye hesabu.

Sikulala vizuri wiki hiyo, wala sikula vizuri. Mtu mwingine wa Rika la Ndege niliyemjua pale Ruiru alikuwa mmoja tu, naye alikuwa Njuguna, hedimani wa kijiji cha Kimotho, msimamizi aliyewekwa na Serikali. Watu walimwogopa. Alitembea na askari nyuma yake, alikuwa na orodha ya nani analala wapi, na akikosa watu wa kulipa kodi alifokewa na D.O. mbele ya wote. Kumwombea mtu msamaha kwake ilikuwa ni kumwomba ajipunguzie hesabu yake mwenyewe. Hata hivyo miguu yangu ilinipeleka. Nilimkuta akikata ua wa nyumba yake kwa panga.

"Nimekuja kuhusu Mzee Kimotho," nikasema.

"Ana nini?"

Hapo ndipo niliposhindwa. Nikazungumza habari za kahawa. Nikazungumza habari za vidole. Mwishowe nikasema, "Baba, kwenye rika lenu... watu wote walikuwa wa umri mmoja?"

Panga lilisimama. Alinitazama kutoka viatu hadi kofia. "Wewe ni wa rika gani?"

Nikamtajia.

"Basi nenda ukaulize hao."

Nikaondoka. Askari wake walicheka. Niliendesha baiskeli hadi Thika bila kushuka hata kwenye kilima, na nilipofika sikukumbuka njia yenyewe.

Kikao kilikuwa chini ya banda la mabati mbele ya ofisi ya D.O. pale Ruiru. Meza moja, D.O. katikati, wazee wa kanda upande huu na upande huu, Njuguna mwisho wa meza. Walioomba msamaha walikaa chini kwenye jua. Mzee Kimotho alikuwa amemkalisha mkewe kwenye benchi la ukuta, kivulini, hatua chache tu kutoka mezani. Nilitamani angekalishwa mbali zaidi.

Nilisoma ombi. Mikono, macho ya mke, maji. Wazee wawili waliguna kwa huruma. D.O. alikuwa kijana, nadhani tulilingana, na alikuwa amechoka tangu asubuhi. Akachukua orodha yake.

"Mzee, wewe iko rika gani?"

"Ndege."

Kidole chake kilishuka kwenye karatasi. "Ndege bado iko kijana. Hii mikono inaweza shika karai ya mawe." Akachovya kalamu.

Nilianza kuyumba pale nilipo, mguu huu, mguu ule. D.O. akaniambia, "Karani, simama vizuri." Nilikuwa na neno kwenye ulimi, nami nilijua nikilisema sitaweza kumtazama mzee yule tena, na nisiposema nitamwona mkewe kila nitakapofungua bomba. Mzee Kimotho alitazama mbele tu. Kalamu ilikuwa imefika kwenye karatasi.

Njuguna akakohoa. Hakuzungumza na D.O. Alimgeukia Kimotho akazungumza Kikuyu, kwa sauti ya mtu aliye kwenye pombe na marafiki.

"Wakini," akasema, na hilo ndilo neno la kumwita mwenzako wa rika. "Si uwaambie mwenyewe? Ama unataka niseme vile ulitutia hofu pale mtoni? Sisi tumesimama na baridi, magoti yanagongana, halafu nageuka naona nyuma yangu kuna mtu na ndevu. Nilidhani ni baba ya mtu amekuja kututazama. Kumbe ni kihii kama sisi."

Mzee mmoja alicheka, kisha akajizuia. Mwingine alishika mdomo. Watu wa rika moja wana ruhusa ya kutukanana namna hiyo, ndiyo starehe yao, lakini wakiwa peke yao. Hapa palikuwa na wazee wa rika nyingine, na vijana kama mimi, na Mzungu, na mama kwenye benchi. Kicheko kilikufa mara moja.

"Anasema nini?" D.O. akaniuliza.

Nilitafsiri. Nilisema kila kitu, kwa sababu sikuweza kuchagua cha kuacha. Njuguna akaongeza kwa Kiswahili, na safari hii sauti yake haikuwa ya mzaha. "Bwana, hiyo karatasi yako ni mzuri, lakini hii mtu haiwezi ingia ndani yake. Mimi nikichunga kondoo wa baba, yeye alikuwa nabeba sanduku ya vita yenu. Mwangalie bega."

D.O. aliweka kalamu chini. Akamtazama mzee. "Hii kweli?"

Nilikuwa na hakika atakataa. Alikuwa ameniambia atakwenda kambini kwa miguu yake, na yule hakuwa mtu wa kusema kitu akakirudisha. Aligeuza kichwa akatazama benchi. Mkewe alikuwa amekaa wima, mikono magotini, uso umeelekea kwetu. D.O. akafungua mdomo kuuliza tena.

"Kweli," Kimotho akasema. "Niliingia na watoto."

Akavua koti mwenyewe. Hakuna aliyemsaidia.

Cheti kiliandikwa, muhuri ukagongwa. D.O. alinipa nimpe mzee, akaniuliza kwa nini sikuandika jambo hilo tangu mwanzo, tungeokoa muda. Nikamwambia sikuwa na ruhusa ya mwenyewe. Alinitazama kama mtu asiyeelewa, akaita jina lililofuata.

Nje, nilimpa karatasi. Aliikunja akaitia mfukoni bila kuitazama. Alikuwa na macho mekundu, na nilidhani hatanisemesha tena maishani, nami nilianza kumweleza kwamba si mimi, sikusema, nilijaribu tu kuuliza. Hakunisikiliza. Alikwenda kwenye benchi, akasimama mbele ya mkewe.

"Umesikia," akamwambia.

"Nimesikia. Macho ndiyo yaliharibika." Aliinuka akitafuta fimbo hewani. "Uliponioa nilikuwa bado naona, Baba Wanjiku. Wenzako wote walikuwa na mashavu laini kama ya watoto, na wewe kila asubuhi unajificha nyuma ya banda na wembe. Ulidhani nafikiri unafanya nini huko? Twende, lango la mtoni litafungwa."

Sijui kama nilimwona mtu mwingine maishani akisimama kama mzee alivyosimama pale. Nilikuwa kijana na nilitaka kucheka na kulia, na sikujua niweke wapi mikono.

Njuguna alitoka bandani wakati huo, askari wake nyuma. Watu walimpisha. Mzee Kimotho hakumpisha.

"Wakini," akasema.

"Naam."

"Umetoa mambo ya rika mbele ya Mzungu. Umetoa mbele ya watoto kama huyu karani. Desturi unaijua."

Mimi niliijua kwa kusikia tu. Anayetoa mambo ya rika nje hutozwa mbuzi, na rika humla wote pamoja. Lakini huyu alikuwa mtu asiye na kazi, asiye hata na kodi yake, anamtoza hedimani njiani, mbele ya askari wenye bunduki. Nilirudi nyuma kidogo.

Njuguna alikuna shingo. "Nimeshamfunga kwenye ua," akasema. "Tangu asubuhi, kabla sijatoka nyumbani."

Kimotho alimtazama. "Beberu?"

"Beberu. Mnono."

"Basi mlete wewe mwenyewe," Kimotho akasema. "Mimi sina nafasi ya kumfuata. Nina maji ya kuchota."

Akaweka ncha ya fimbo mkononi mwa mkewe, wakaondoka.